Nusu ya Ndizi, Daraja Mbili

Mdogo wangu Ravi,

Salamu kutoka Kisii, ambako mvua bado inakuja kila alasiri kama utotoni. Leo katika soko la Daraja Mbili nimemkuta Mama Kerubo, aliyekuwa akitugawia ndizi mbivu kila tulipotoka kuongezewa damu kwa sababu ya thalasemia, ugonjwa wetu wa damu wa kurithi. Nikamwambia siku hizi nina kisukari.

"Ulizidisha vitamu?"

"Hapana, mama. Ni madini ya chuma kutoka kwenye damu zile tulizoongezewa. Yamejikusanya na kuharibu kongosho, kiungo kinachodhibiti sukari mwilini."

Akamenya ndizi, akaikata katikati. "Basi tule wote."

Nilipima sukari kwanza, kisha nikala nusu yangu huku nikilia na kucheka.

Ravi, wewe bado unakwepa kipimo cha sukari. Nenda wiki hii, tafadhali. Nataka tuzeeke pamoja.

Dada yako akupendaye,
Nisha