Mama, Picha ni Picha Tu

Jumamosi jioni. Mvua imeanza mchana na bado inanyesha. Nimejifungia chumbani, naona aibu.

Mdogo wangu Neema amekuja kutoka Mwanza kunitembelea huku nilikoolewa. Leo nilimpeleka kwenye makumbusho ya vita, yale ya askari waliopigana kuyasimamisha mauaji ya kimbari. Mama mkwe wangu akasema naye anakuja.

Sikufurahi. Mama anachechemea, anatembea polepole, na mimi nilitaka tuwahi soko la Kimironko kabla mafundi cherehani hawajafunga, Neema akashonewe kitenge chake.

Vyumba vile nilivipita mbiombio. Mama akasimama mbele ya picha moja kubwa: wasichana waliovaa sare za jeshi wameketi kwenye nyasi, wanacheka. Tukamsubiri. Nikatazama saa.

"Mama, twende," nikasema, nikamvuta mkono. "Picha ni picha tu."

Nilisema hivyo kweli. Kwa sauti, mbele za watu.

Hakukasirika, ila hakuondoka. Neema ndiye aliyemsogelea. "Mama, unamtazama nani?"

"Huyu. Mukarurinda." Mama amekulia Bujumbura, Kiswahili chake ni cha huko. "Alinibeba kwa mugongo. Risasi ilinipata hapa kwenye muguu. Akanifikisha kwa daktari, akanilaza chini, akasema, ngoja, narudi kuchukua mwingine."

Akagusa ukingo wa picha.

"Hakurudi."

Miaka yote niliyoishi katika familia hii nimekuwa nikiwaambia watu kwamba mama mkwe anachechemea kwa sababu ya uzee. Mume wangu aliwahi kugusia kwamba mama yake alikuwa vitani, nami nikaitikia tu, kama mtu anayeambiwa habari za hali ya hewa. Mume wangu alizaliwa baada ya vita. Kama msichana yule asingeinama kumbeba mwenzake, leo nisingekuwa na mume, wala wanangu wasingekuwepo.

Mgeni wa siku chache aliuliza. Mimi sikuwahi.

Sokoni hatukwenda tena. Tuliporudi nyumbani Mama aliingia jikoni kumenya ndizi kama kawaida. Nikamfuata. Nilitaka kumwomba radhi, nilitaka pia kumshukuru. Badala yake nikajikuta namuuliza tena jina la rafiki yake.

"Mukalulinda," nikajaribu.

"Hapana. Sema polepole, mwana wangu."

Nikarudia. Akaweka kisu chini, akasikiliza.

"Tena."

Nikalisema tena na tena, mpaka likatoka sawasawa. Mama akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Miaka yote nalisema peke yangu," akasema.

Neno la asante bado sijamwambia. Nangoja nini?