Kifua cha Jemadari

Jumatatu, 10 Machi 2025

Kikao cha igizo la Ijumaa Kuu kimekwisha. Mavazi ya askari wa Pilato ni yangu tena, mwaka wa sita. Ila safari hii si maboksi! Mwaka jana mvua ilitukuta katikati ya Njia ya Msalaba, dirii zote, zile kinga za kifua za askari, zikawa uji vifuani mwa watu. Wasichana wa kwaya walicheka mpaka kituo cha kumi na mbili. Sasa tunatengeneza kwa faiba. Mimi nakata karatasi, Jofrey fundi bodi wa magari anapaka gundi. Mziba bampa ndiye anayemvika jemadari – haya.

Jemadari ni mdogo wangu Evaristo, kama kawaida. Jofrey aliitaka nafasi ile. Nilimwona alivyonyanyua mkono, halafu akajifanya anajikuna kichwa. Simwamini huyu mtu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekata karatasi zote, za mifuko ya saruji. Kifua, mgongo, mabega, ya kila askari na jina lake. Evaristo sikuhangaika kumpima, nimetumia karatasi zake za mwaka jana. Kifua 104. Mtu mzima haoti kifua kipya. Miaka ishirini na miwili niko kwenye cherehani hapa Kibaoni, sijarudishiwa nguo hata moja kwa kosa la kipimo. Moja tu! Na huyo mama alikuwa mjamzito akanificha.

Jofrey amekuja kuzichukua akazihamishie kwenye karatasi ngumu za manila. Nimemhesabia vipande mbele ya macho yake, na kila kipande nimekiwekea msalaba mdogo wa penseli pembeni. Akaniambia eti, mama Steven, umekuwa askari kweli. Sikucheka.

Alhamisi, 27 Machi

Nimeshinda bandani kwa Jofrey, kuona kwa macho yangu. Manila zimeunganishwa, zimesimama zenyewe, mtu bila kichwa. Anachanganya gundi ya faiba na dawa ya kukaushia, anapaka kwa nje. Ndani analaza kitambaa cha nyuzi za kioo, anapaka tena. Inapata moto yenyewe, bila jiko! Harufu inapanda mpaka machoni. Mikono inaniwasha hata sasa ninavyoandika. Kwa unyevu huu wa masika inachukua siku mbili kukauka, lakini ikikauka ukiigonga inalia ko! Kama chuma.

Kazi nzuri. Simwambii.

Jumanne, 1 Aprili

Siku ya msasa. Vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Sote tunakohoa. Evaristo amepitia akitoka kazini kwenye kinu cha mpunga, akasimama mlangoni tu, akakohoa kuliko sisi tuliokuwa ndani. Nikamfukuza, nenda zako, vumbi la kioo hili.

Jumapili, 6 Aprili

Kujaribu mavazi baada ya misa. Askari wote sawa, dirii zimewakaa. Ya Evaristo – inacheza! Inazunguka mwilini kama ndoo juu ya mche. Nimepitisha ngumi yangu nzima kwapani kwake. Mbele za watu wote! Fundi Restituta amekosea, nimemsikia mmoja akisema, na sikugeuka nisije nikamjua.

Jofrey alikuwa anaangalia chini. Mtu asiye na hatia anaangalia chini kwa nini?

Nimemdai karatasi zangu palepale. Nimezilaza juu ya dirii yenyewe: sawasawa. Msalaba wa penseli upo. Basi amekata nyingine kubwa na kuigiza msalaba wangu. Anataka jemadari aonekane kichekesho, watu waseme mwaka huu avae Jofrey.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekwenda bandani bila kupiga hodi. Evaristo na Jofrey wananong'ona! Wameniona, wamenyamaza. Dirii imefunikwa gunia. Shikamoo dada, shikamoo dada, wote wawili kwa pamoja kama watoto wa chekechea. Evaristo ana gundi kwenye kucha.

Huyu bwana anamlainisha mdogo wangu amwachie nafasi. Nimempitia wifi Febronia nimuulize. Kazi yake kuchambua mchele tu, macho hayanyanyui. Kasema mume wake siku hizi hamalizi chakula, anafunga Kwaresima. Evaristo! Mwaka jana Jumatano ya Majivu alikula kitimoto, akasema amesahau ni siku gani. Wifi naye ananificha kitu.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Mazoezi ya mwisho. Dirii imemkaa Evaristo sawasawa! Imejipunguza yenyewe?

Sentensi yake pale chini ya msalaba, Hakika mtu huyu alikuwa Mwana wa Mungu, ameisema polepole, karibu kwa kunong'ona. Zamani aliisema mpaka ng'ombe wa jirani wanageuka. Katekista Hermenegildi amefurahi, eti mwaka huu anaigiza kwa uchungu.

Alipoivua nikatia mkono ndani. Sponji la godoro! Tabaka mbili, zimegandishwa kwa gundi. Nililipuka. Nimemwambia Jofrey mbele ya kwaya nzima: umeharibu kipimo changu kwa makusudi, sasa unaficha kwa godoro! Nilitegemea anijibu. Kasema tu, sawa dada, kosa ni langu.

Jofrey! Mtu ambaye hajawahi kukubali kosa, hata siku ile alipopaka mlango wa gari la watu rangi isiyo yake. Kakubali haraka mno.

Alhamisi Kuu, 17 Aprili

Nimetoa kwenye sanduku kanzu nyekundu ya jemadari, ile ya kuvaa chini ya dirii. Nilimshonea mwaka jana kwa mikono yangu. Tangu Pasaka iko mle, na ufunguo naulalia.

Evaristo kaivaa. Mshono wa bega umeshuka mpaka katikati ya mkono.

Nilikuwa na pini mdomoni. Jofrey hana ufunguo wa sanduku langu. Kitambaa hakitanuki sandukuni.

Karatasi zangu zilikuwa sahihi. Mtu ndiye aliyepungua, na mimi sikumpima! Miaka ishirini na miwili! Na kile kikohozi, nikasema vumbi – Evaristo hajashika msasa hata siku moja.

Nimemwendea Febronia, amelia. Kasema ni miezi miwili sasa anakohoa. Shuka asubuhi zimelowa jasho. Evaristo alimkataza asiniambie, akasema dada atanitoa kwenye igizo, na kinuni wakisikia nakohoa hawanipangi tena. Jofrey alijua. Yeye ndiye aliyeombwa aweke sponji. Ametukanwa mbele ya kwaya nzima kwa ajili ya siri ya mdogo wangu, akajitwisha kosa.

Naona aibu. Naogopa kuliko ninavyoona aibu.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Naandika nyuma ya daftari la vipimo, tuko kwenye darasa la mafundisho. Tunangoja mvua ipungue. Uwanja umejaa watu na miavuli.

Nimemwomba Jofrey radhi. Amesema yameisha, dada.

Nimebandua sponji yote. Nimechukua futi, nimempima ninavyompima mteja, na hakukataa. Evaristo, kifua: 89.

Nimesema twende hospitali sasa hivi, bajaji iko getini. Amesema, dada, niache niseme sentensi yangu. Moja tu. Jumanne nakwenda, naapa kwa marehemu mama. Nimesema Jofrey atavaa. Jofrey kashika chapeo mkononi, kagoma: hainihusu hii, dada, uliikata ya Evaristo.

Halafu kikohozi kimemshika Evaristo. Kirefu. Alipotoa leso mdomoni ameikunja haraka, lakini mimi ni mtu wa vitambaa, nimeona doa jekundu. Jofrey pia ameona.

Katekista anapiga filimbi, mvua imekatika. Evaristo amevaa dirii bila sponji, amenyanyua mikono tumfunge. Jofrey kashika mkanda wa kulia, mimi wa kushoto, kalamu iko mkono mwingine. Hakuna kati yetu anayevuta kumfunga.