Matumbawe Yasubiri Kwanza

Miyuji, Dodoma
Machi 1998

Geofrey, mume wangu mdogo,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha. Anayeandika ni jirani yetu Khairat. Mimi kazi yangu mdomo. Mahindi yamebeba na goti langu limepona.

Umeuliza kama tangi lako la maji ya bahari liko tayari kwa matumbawe, ili uje nayo kutoka Dar. Haliko tayari, na kosa ni langu. Jua lilipunguza maji, nami nikaongeza chumvi ya Bahi. Konokono wako wakajifungia ndani ya magamba yao. Mkeo Evodia akanijia na mwiko mkononi.

“Bibi! Yanayokauka ni maji, chumvi inabaki! Unataka kuwapika mchuzi?”

“Mchuzi gani usio na nyanya?”

Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Geofrey, sijamsikia akicheka tangu mlipomzika mtoto. Wewe ukakimbilia Dar, na barua zako zote zinauliza habari za maji.

Tumechota yale ya chumvi nyingi na kuongeza ya mvua. Konokono wanatembea tena, ila kioo bado kina utando wa kahawia. Evodia anasema matumbawe hayataki maji ya kubadilikabadilika, kwa hiyo yaache huko huko baharini.

Wewe panda basi. Mkeo hajasema anakuita, lakini jana alifua shati lako ambalo halikuwa chafu.

Mkeo wa kwanza, asiye na meno,
Bibi Yasinta