Vyoo Vinne vya Msimbu

Jumatatu, 11 Agosti

Kituoni Kwa Mathias, hapa Kibaha, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kama kawaida. Wim amenipitia na pikapu, nyuma vitanda vya mwisho na magodoro. Yeye na mkewe Anneke ni Waholanzi, wastaafu kama mimi, wamejitolea mwaka mzima kujenga nyumba ya watoto kule Msimbu. Mimi ndiye mdomo wao. Tangu siku ya kwanza niliwaambia: jambo lolote la wenyeji, niulizeni mimi. Nimefundisha shule za Pwani miaka thelathini. Najua.

Vitanda vyote vimefungwa. Nyumba inapendeza. Jumamosi tunafungua. Watoto wa kwanza ni wajukuu watatu wa Bi Zuhura: Hamza, Mwajuma na Shani mdogo. Wazazi wao wamefariki. Bibi macho hayaoni vizuri, na maji anachota mbali. Ustawi wa jamii wameshasaini. Nashukuru Mungu.

Jumanne, 12 Agosti

Bi Zuhura amekuja kuona. Nimemwamkia, nimemzungusha mwenyewe. Vyumba, jiko, halafu vyoo vinne, masinki ya kuchuchumaa, vigae vyeupe mpaka juu. Kwenye vyoo nilijisifu zaidi maana fundi nilimleta mimi kutoka Kibaha. Bibi alisimama mlangoni pa choo muda mrefu.

"Hongereni wanangu, mmefanya kazi," akasema.

Chai hakumaliza.

Alhamisi, 14 Agosti

Bi Zuhura hatoi watoto. Ametuma jirani: wabaki kwanza, tutaona. Hiyo "tutaona" naijua. Ni hapana iliyojifunga kanga. Mchana familia nyingine mbili nazo zikaahirisha.

Nimekasirika. Nimesema maneno mabaya jikoni, kwamba watu hawa hawana shukrani. Mama Rehema, mpishi wetu, mzaliwa wa hapa hapa, alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

Anneke amelia. Mimi silii. Sina tabia hiyo.

Ijumaa, 15 Agosti

Mwenye kosa nimemjua. Ni mimi.

Baada ya swala ya Ijumaa Mama Rehema alinivuta pembeni. "Mwalimu, usinikasirikie. Vile vyoo, mtu akichuchumaa anaelekea kibla."

Nikamuuliza mbona hakusema wakati masinki yanajengewa.

"Nilidhani unajua. Halafu wewe ulinifundisha darasa la nne. Niliona haya kukusahihisha."

Nimekwenda kusimama chooni. Vyote vinne vinatazama kaskazini, kibla yenyewe, vimenyooka kama vimepimwa kwa kamba. Mimi Mlutheri wa Upareni, fundi wangu Mkristo wa Shinyanga. Hatukuwaza kabisa. Mwislamu wa hapa hawezi kujisaidia ameelekea upande anaoswalia, na hilo nililisikia miaka yote likatokea sikio la pili.

Kibaya zaidi. Mwezi wa tano Wim aliniuliza, mbele ya fundi, kama kuna jambo la dini au mila la kuangalia kwenye ujenzi. Nikajibu hakuna. Sikufikiri hata kidogo. Natamani ardhi ipasuke.

Jumamosi, 16 Agosti

Ilikuwa iwe siku ya kufungua. Nimeamka na hila: nimsingizie fundi. Yuko Kibaha, hatasikia. Nimefika nikamkuta Wim anakunja ule utepe mwekundu alionunua, anaurudisha kwenye mfuko taratibu. Hila ikaniishia. Nimewaambia yote.

Anneke alinishika mkono. Wim aliuliza kwa Kiswahili chake, "Tunavunja lini?" Hakuuliza kingine. Sijui kama mimi ningeweza.

Kisha kwa Bi Zuhura, kwa miguu, peke yangu. Nimeomba radhi nikiwa nimekaa mkekani. Akasema anajua hatukukusudia.

"Ila nilijiuliza, mwanangu. Kama choo tu hamkutuuliza, hawa watoto wa marehemu mtawalea kwa kumuuliza nani? Wakikua watanijua?"

Nikamwambia Jumatatu tunavunja. Hakuahidi kitu. Alinipa mihogo nirudi nayo.

Jumatatu, 18 Agosti

Tumevunja. Vigae vile vyeupe, vipande vipande. Fundi wangu ana kazi Mlandizi, hakuja. Wim alianza peke yake na nyundo.

Saa mbili akatokea Mzee Kondo, fundi wa pale kijijini, na chepe lake. Hatukumwita. Nyuma yake wanaume wanne, kisha kina mama na ndoo za maji. Mama Rehema alikuwa amepita nyumba kwa nyumba jana. Baada ya yale niliyosema jikoni.

Mzee Kondo alinyoosha mkono kuelekea kibla, akachora sakafuni mstari wa mkaa wa kuikingama, akaniita. "Mwalimu, njoo. Leo mwanafunzi ni wewe." Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Nimebeba kokoto na umri huu. Mgongo unauma wote. Nina furaha.

Jumapili, 24 Agosti

Saruji imekauka. Saa nne Bi Zuhura akaja na watoto watatu, mfuko mmoja wa nguo na mikeka mitatu ya kuswalia. Hakukaa. Aliomba kopo la maji, akaenda chooni moja kwa moja.

Sisi tulisimama uani tunatazama mihogo ya jirani kama watu wasiosubiri kitu. Alikaa humo.

Akatoka. Akanawa. Akaketi, akaomba chai, akaimaliza. Ndipo akawaita wajukuu zake. "Msalimieni mwalimu wenu. Kama kuna kitu hakijui, mwambieni. Msimwonee haya." Kila Ijumaa watakwenda kwake kulala. Nimekubali kabla hajamaliza kusema.

Nimelia mbele za watu. Anneke alinipa kitambaa chake.

Utepe tumesahau kuukata.

Jumanne, 26 Agosti

Kibaha. Nimerudi kuchukua nguo.

Asubuhi nilisimama chooni kwangu, nikatazama jua linatokea upande gani, nikahesabu. Sinki langu linatazama kaskazini, kwenye kibla.

Bi Hadija, jirani yangu, tumekaa miaka ishirini ukuta kwa ukuta. Kila akija kwangu, maongezi yakinoga huaga ghafla, anakwenda kwake, baada ya dakika kumi anarudi tunaendelea. Nilikuwa nawaambia watu mama huyu hatulii. Miaka ishirini, na hajawahi kunitia aibu.

Nimepika ndizi, nimempelekea bakuli. Amefurahi, ameuliza kuna nini. Nimesema hakuna kitu.

Fundi anakuja Alhamisi.