Fausta Hakatwi Kimeo

Jumamosi. Baridi ya Matiri leo haina adabu, ukungu umekaa mpaka saa nne. Ila mimi ndani nina moto wangu: mwanangu hakatwi kimeo. Nimesema.

Fausta ni mchanga bado, na anakoroma kama babu aliyeshiba ugali. Kila anayemsikia ana hukumu ileile: kimeo, kile kinyama cha nyuma ya koo, kimerefuka, kikatwe. Daktari wa watoto alishamwangalia. Alisema nyama za juu ya njia yake ya hewa ni laini tangu kuzaliwa, akilala chali zinaangukia ndani. Zitakaza akikua. Midomo ikigeuka rangi au akishindwa kunyonya, tumkimbize hospitali. Ananyonya kweli kweli, huyu.

Mama mkwe, aliyepanda huku kutoka Mbamba Bay kumwona mjukuu, hasikii. Hataki hata mtoto abebwe mgongoni, eti kifua kitabanwa. Anamlaza chali mkekani, anasikiliza ule mkoromo, analia. Leo kamleta mkata vimeo, mzee mwenye wembe kwenye kitambaa. Mume wangu yuko mjini Mbinga na kahawa yetu, maana siku hizi wanunuzi binafsi ni wengi na kila mmoja ana bei yake.

Sikubishana. Nilimpa mzee shikamoo yake, nikamchukua Fausta, nikamfunga kwa kanga mgongoni mwa bibi yake kabla hajakataa.

Kimya.

"Jamani, amekufa!"

"Amelala, Mama. Mguse, anapumua."

Tukamlaza chali, mkoromo ukarudi. Tukambeba, ukakatika. Mama mwenyewe ndiye aliyemsindikiza mzee na wembe wake hadi barabarani. Nilijiona mshindi, sikatai.

Jioni, Fausta akiwa bado mgongoni mwake, Mama aliniambia nisilolijua. Mtoto wake wa kwanza alikoroma hivihivi. Yeye aliogopa damu, akakataa asikatwe. Mtoto akafa, na ukoo mzima haujaacha kumwambia kuwa alimuua.

"Sasa mkwe wangu, angekatwa, angepona?"

Mtoto yule sikumwona, wala daktari hakumwona. Lakini nilijibu kwa sauti ileile ya asubuhi.

"Asingepona, Mama. Hukumuua."

Akakaa chini, akalia mpaka Fausta akaamka.

Nilikuwa na haki ya kujiamini kiasi kile? Sijui. Akiniuliza tena kesho, nitajibu vilevile.