Neno la Injinia

Kwa mpwa wangu mpendwa, mtoto wa dada yangu,

Shikamoo yako niliikuta ndani ya bahasha ikiwa bado ya moto, nami naijibu marahaba, tena marahaba kubwa. Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula vizuri, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Sisi huku tupo, tunazisukuma siku. Mama yako ni mzima wa mwili. Mimi goti linaniuma, lile lililoumia siku nilipolizuia lori kwa mgongo lisirudi nyuma mpaka dereva akapata jiwe la kuwekea gurudumu. Hadithi hiyo unaijua, na tangu mdogo hukuiamini, lakini goti lipo na linauma.

Baada ya hayo, barua yako imefika. Mama yako aliisoma kwanza, akanikabidhi, akaenda zake jikoni. Nimeisoma na kuirudia. Unasema unataka kuacha chuo kabla mwaka haujaisha, urudi nyumbani umpigie magoti mume wa Mama Cherehani, kisha ukauze simu katika duka la baba yako mdogo. Unasema tangu uliposikia kwamba paa limeanguka hulali, na mwalimu akiandika hesabu ubaoni wewe unamwona yule mama. Halafu ukaandika kwamba hukumbuki kuniambia tangi halina neno, ila kwa kuwa watu wote wa nyumbani wanasema ulisema, huenda uliitikia tu bila kusikia vizuri, maana simu ilikuwa inakatika.

Hilo neno lako “huenda” ndilo lililonikalisha chini na kalamu. Nitakueleza tangu mwanzo. Utanivumilia nikizunguka, kwa sababu mjomba wako hajawahi kufika mahali kwa njia iliyonyooka.

Kwanza ujue nilivyokuwa nikikutangaza. Barua yako ya kwanza kutoka chuoni niliishika kwa moyo kama wimbo. Ulieleza kwamba uhandisi wa jumla ni kuonja kidogo kidogo: majengo kidogo, mitambo kidogo, umeme kidogo, maji kidogo, na baadaye mtu anachagua tawi lake. Ukasema hata asiyechagua tawi moja hakosi kazi, anaweza kusimamia miradi, kukagua mashine za viwandani na hospitalini, kuyauzia makampuni mitambo kwa kuwa anaielewa, au kufundisha wengine. Mimi niliishia darasa la saba, na wewe unajua huwa nasema niliacha kwa sababu walimu waliishiwa. Basi maneno yako yalipopita kinywani mwangu, ile “kidogo kidogo” ilidondoka njiani, ikabaki “kila kitu”. Wapangaji wote wa nyumba hii wakajua kwamba mwangalizi wao ana mpwa Injinia wa kila kitu. Kinyozi wa chini aliuliza kama utaweza kumtengenezea mashine yake ya kunyolea inayouma watu masikio. Nikamwambia asikutukane, wewe ni mtu wa meli na madaraja. Alicheka mpaka mteja akamwambia aangalie wembe.

Mimi nilifurahi, mpwa wangu. Sikuwa na cha kwangu cha kutangaza kwa ukubwa huo. Nilikuwa na funguo za nyumba ya mtu mwingine kiunoni, na nilikuwa na wewe.

Sasa, maji ya bomba yalikuwa yakitoka kwa kubahatisha, na wapangaji walichoka kupandisha ndoo ngazini. Mwenye nyumba akanunua tangi kubwa, la lita elfu tano, akataka liwekwe juu ya paa la zege ili maji yashuke yenyewe kila chumba. Aliniuliza kama haifai kumwita mtu wa kulikagua paa kwanza, maana nyumba hii imenizidi umri. Nikamwambia amwite mtu wa nini, amlipe mgeni wakati Injinia yupo kwenye ukoo. Akapenda maneno hayo. Nani asiyependa maneno yanayompunguzia gharama.

Tangi lilipofika, vijana wawili walilivuta kwa kamba kutoka uani hadi juu, mmoja akitania kwamba kitanda cha bibi yake ni kizito zaidi. Nilipanda na mimi. Nikaliinua upande mmoja kwa mkono wangu huu wa kushoto, na waliokuwa uani wakanipigia makofi. Macho yetu yalituponza hapo. Tuliliona tangi jepesi, tukamaliza.

Aliyekataa kumaliza ni Mama Cherehani. Chumba chake kilikuwa orofa ya juu, na tangi lingekaa sawasawa juu ya kichwa chake, kwa sababu bomba lilipita upande ule. Wewe unamkumbuka, ndiye aliyekushonea suruali uliyoendea chuoni, akakataa kukuongezea mifuko ya nyuma akisema mwanafunzi hana cha kuweka huko. Alisimama ngazini na futi yake ya kupimia shingoni, akasema sawa, tangi ni jepesi, na maji je? Akasema ndoo moja tu inamvunja shingo, humo zinaingia ndoo ngapi? Watu wakacheka. Nikamwambia ashone nguo, majengo yana wenyewe. Akasema vizuri, basi mpigie huyo mwenyewe. Injinia wako akisema halina neno, mimi nimenyamaza.

Nikakupigia pale pale uani, wote wananitazama. Nilipomaliza nikaiweka simu mfukoni, nikatangaza kwamba Injinia amesema paa ni imara, halina neno. Mama Cherehani akaitikia kwa kichwa. Akasema nikikupigia tena nikusalimie sana.

Tangi likaanza kujazwa taratibu, kwa kadiri maji yalivyopatikana. Siku moja aliniita chumbani kwake. Juu ya sare za shule alizokuwa akishona palikuwa na vumbi jeupe, na darini palikuwa na ufa, unatoka ukutani kuelekea katikati. Aliung'uta ule unga mweupe kutoka kwenye kola, akaniuliza hii ni nini. Nikamwambia ni plasta ya zamani inakauka, Injinia alishasema. Nikapanda juu ya kiti chake nikauziba ufa kwa chokaa. Ukapendeza.

Mvua zilipokuja, bomba likatoa maji kuliko kawaida, na tangi likajaa kwa mara ya kwanza. Ilikuwa mchana. Nilikuwa chini kwa kinyozi, katikati ya kisa cha jenereta nililoliwasha kwa kulitukana. Tulisikia kishindo, tukadhani ni lori barabarani. Kisha maji yakateremka ngazini, mengi, yakiwa na vibiringo vya nyuzi na vifungo vya mashati. Nikajua kabla ya mtu kupiga kelele.

Tulimtoa akiwa hai. Cherehani ndiyo iliyozuia kipande kimoja cha zege kisimfike kichwani, lakini kiuno na tumbo viliharibika. Alikaa hospitali siku chache, kisha akafariki. Hayo ulishaambiwa. Ambalo huenda hukuambiwa ni kwamba watu wa serikali walipokuja kuuliza nani aliruhusu tangi, mwenye nyumba alininyooshea kidole mimi, na mimi nikakunyooshea wewe. Nilisema nina mpwa anayesoma uhandisi, nilimuuliza, akasema halina neno. Wakaandika jina lako na la chuo chako. Mama yako alinivuta pembeni akaniuliza kama nilikusikia vizuri. Nikamjibu kwamba simu ilikuwa inakatika.

Ndiyo, maneno hayo ya simu kukatika yalianzia kwangu. Nilimwambia mama yako, mama yako akakuandikia wewe, na wewe umenirudishia katika barua kama jambo unalolikumbuka.

Mpwa wangu, simu haikukatika. Sauti yako ilikuwa safi kama uko nyuma ya mlango. Nilikuuliza, na ulisema, “Mjomba, sijui.” Ulisema uko mwaka wa kwanza, mmegusa tu hiki na kile, na kwamba hata mwalimu wako asingeweza kujibu akiwa mbali, bila kuliona paa na kujua ndani kuna nondo za namna gani. Ulisema lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi likijaa ni tani tano, ni kama kuegesha magari juu ya kitanda cha mtu. Ulisema msilijaze mpaka aje mtu wa kukagua. Ukaniuliza umenisikia, mjomba? Nikasema nimekusikia.

Nilipoishusha simu sikioni, wote walikuwa wananitazama mdomoni. Mwenye nyumba, kinyozi, wale vijana wa kamba, na yeye. Injinia wa kila kitu amesema hajui. Ningeyatamkaje hayo mbele ya kinyozi? Ilikuwa ni kitambo cha kumeza mate tu, na mate yaliposhuka nilikuwa nimeshakusingizia. Sikuwaza kwamba kuna mtu atakufa. Niliwaza watanicheka.

Na ufa ulipotokea nilijua. Usije ukamwamini mtu atakayekuambia mjomba wako hakujua, eti hakusoma. Nilipokuwa juu ya kile kiti na chokaa mkononi, ile hesabu yako ya magari juu ya kitanda ilinijia kichwani, nikaipaka chokaa nayo.

Barua yako ilipofika nilikaa nayo mpaka chai ikapoa. Kisha nikaenda kwa mume wa marehemu. Anajua kuendesha lori masafa marefu lakini hajui nguo, na nilimkuta amezianika sare zilizolowa, anajaribu kukisia ipi ni ya mtoto yupi azirudishe kwa wenyewe. Nikamweleza kama nilivyokueleza. Akauliza, kijana alisema hajui? Nikasema ndiyo. Akauliza, na alisema msilijaze? Nikasema ndiyo. Alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akaniambia twende uani nikaseme kwa sauti, kwa sababu wapangaji wote wamekuwa wakimfariji kwa kukulaani wewe.

Nikasema. Sauti yangu unaijua, huwa inafika barabarani, lakini siku hiyo ilibidi niambiwe nirudie. Kinyozi alizima redio. Hakuna aliyenitukana. Walirudi vyumbani mmoja mmoja, na mwenye nyumba akanyoosha mkono, nikamvulia funguo.

Kutoka hapo nilikwenda kwenye ofisi ya wale wachunguzi, nikaeleza upya, wakalikata jina lako mbele ya macho yangu. Wamesema nitaitwa, na mwenye nyumba pia ataitwa, na kwamba huenda nisirudi nyumbani siku hiyo. Kama kuna mtu alishatumwa chuoni kwako, mwonyeshe barua hii. Nimeiandika kwa mkono wangu na sitaikana. Usije huku kumpigia mtu magoti. Huna kosa la kupigia magoti. Kaa darasani. Siku ile ya simu nadhani wewe ulikuwa umeshaanza kuwa mhandisi, na mimi kwa umri wangu wote sijaanza kuwa mtu mzima.

Sina mengi zaidi. Mama yako anakusalimu sana. Tangu nimwambie ukweli hajasema nami, lakini ananiwekea chakula mezani na kukifunika. Wadogo zako wanakusalimu. Kinyozi hakusema nikusalimie, ila aliuliza kama umeandika, nami nahesabu hiyo ni salamu.

Zimebaki salamu za mwisho, na zimechelewa kwa sababu nilizikalia. Ni za Mama Cherehani. Siku moja kabla hajafariki aliomba niingie wodini. Mumewe alikuwepo, amemshika miguu. Alisema amesikia wanakulaumu, na kwamba nikuambie usiache masomo kwa ajili yake. Alisema hesabu hukosewa, hata yeye aliwahi kukata kitambaa cha bibi harusi kikawa kifupi, akalia, kisha akarudi kwenye cherehani. Akasema yule mtoto nimemsamehe, mwambie. Nikamjibu nitamwambia.

Nimekuambia. Ofisini wamekufuta na uani wamesikia, lakini yeye ameondoka akiamini kwamba aliyekosea ni wewe, na huko alikokwenda sina wa kumtuma.

Ni mimi,
Mjomba wako.