Unga wa Wifi Annastella

Jumamosi, 31 Mei 2025

Zimevunjika tena. Zote. Unga wa muhogo, unga wa mchele, yai, siagi – nimekanda vizuri, nimesukuma vizuri, nikiinua tu ganda kwa kisu, linapasuka. Nimeziba nyufa kwa vidole, nikaweka nyama, nikafunika, moto juu moto chini. Zilipoiva nyama iko huku, ganda liko kule. Agnetha alikula kwa kijiko. Pai kwa kijiko! Akasema, ni tamu mama. Ana miaka tisa na ameshajua kudanganya kwa adabu.

Tangu daktari aseme tumbo lake halipatani na ngano maisha yake yote, humu ndani hakuna chapati, hakuna andazi, hakuna mkate. Hata vumbi la ngano kwenye kibao linamlaza kitandani. Vibao vyangu nimevigawa. Mimi mpenzi wa chapati – nimenyamaza, mtoto ni wangu.

Komunyo yake ya kwanza ni tarehe 22, sikukuu ya Ekaristi. Padre amekubali, atapokea divai tu, bila mkate. Kwa hiyo kanisani hakuna neno. Shida ni mezani. Watoto wa darasa lake watakuja, na hataki kukaa na sahani ya ndizi wenzake wakila pai. Ameomba kitu kimoja tu, pai ya kushika mkononi. Nimemwambia mama yako ataweza. Nimeshasema.

Jumapili, 8 Juni 2025

Tumetoka Muleba kwa wifi Annastella, dada yake Wilbert. Tangu afiwe na mume anakaa peke yake na kibanja chake cha migomba, mtoto hana. Tukiwa bado njiani tunasikia anatukaribisha, "Nyegera waitu, nyegera!" Ikaletwa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu chake kidogo, nikatafuna, nikajibu salamu zote kwa magoti kama inavyotakiwa. Nilikuwa sina ubaya na mtu.

Halafu zikaja pai.

Za rangi ya asali. Pembeni amezibana kwa uma, mistari imenyooka. Agnetha aliuma, akaitazama, akaigeuza juu chini. Haikudondoka kitu. Akamnyooshea baba yake, tazama baba, haivunjiki. Alikula mpaka nikaona aibu. Wilbert anacheka, eti dada yangu ana mikono huyu. Mikono! Na mimi nina kwato?

Nikauliza kama mtu asiyetaka kujua, unga gani huu wifi. Ndizi za hapa hapa, anamenya, anaanika, anatwanga kinuni, anachekecha. Nikauliza na mbona zinashikana. Akasema, "Siku ukikaa jikoni kwangu nitakuonyesha." Kama vile mimi bibi harusi wa juzi. Miaka kumi na miwili namlisha kaka yake, hajakonda.

Kurudi nyumbani Hamugembe Agnetha alilala na pai moja mapajani, imefungwa kwenye jani.

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimepata unga wa ndizi. Nimejaribu. Vipande vipande.

Kuku wamekula vizuri.

Ijumaa, 13 Juni 2025

Wilbert amemwomba dada yake aje apike pai za komunyo. Hakuniuliza, amenijulisha. Eti utapumzika, shona gauni tu. Nilihisi kitu kimenipanda mpaka masikioni.

Nikasema nisilolijua. Nikasema sufuria lake la kuokea analitumia kwa maandazi ya majirani, nimeliona kwa macho yangu. Sikuliona. Wilbert akampigia pale pale, akaweka sauti kubwa. Wifi hakukasirika. Akasema sufuria lile alilinunua jipya siku aliyosikia ugonjwa wa Agnetha, analificha uvunguni, halijaguswa na ngano tangu litoke dukani.

Wilbert alikata simu akanitazama. "Huo ni wivu, Klaudia."

Ni wivu. Haya, nifanyeje? Hana mtoto, na anajua kumlisha wangu kuliko mimi.

Jumatano, 18 Juni 2025

Amefika. Na mkungu, na sufuria lake, na gunia dogo la ndizi kavu. Unga aliotwanga ni kidogo, wa majaribio. Kwa wageni wote wale atapeleka zilizobaki mashineni.

Nilikuwa kwenye cherehani, mlango wa jikoni wazi. Sikuwa nachungulia. Basi, nilikuwa nachungulia. Kwanza unga kidogo aliukorogea maji yanayochemka, ukawa kama gundi, ndio akachanganya na ule mwingine. Kisha akamtuma Agnetha nyuma ya nyumba akate jani la mgomba. Akalibabua juu ya mkaa mpaka likalainika. Donge akaliweka katikati ya vipande viwili vya jani hilo, akasukuma juu ya jani. Na hainui kwa kisu! Anageuza jani zima juu ya chombo, analibandua taratibu, ganda linabaki.

Jani la mgomba. Mimi mzaliwa wa Kaagya, nimefungiwa kila kitu kwenye jani la mgomba tangu nina meno ya maziwa, na halikunijia akilini. Niling'ang'ania kisu.

Agnetha naye anabandua. Wana unga puani wote wawili, wanacheka kwa Kihaya, kile Kihaya ninachomsemesha mimi anajibu kwa Kiswahili. Nimejidunga sindano.

Gauni limekwisha leo. Alilijaribu mara moja, akasema zuri, akakimbia jikoni.

Alhamisi, 19 Juni 2025

Mchana wifi alipeleka ndizi zake, nusu ya gunia, kwenye mashine ya Rutaihwa. Karudi na mfuko wa unga, laini, anafurahi.

Jioni jirani yangu Zabibu amekuja kuchukua kanzu ya mjukuu wake. Anapiga soga. Eti, "Mama Agnetha, wifi yako mcheshi kweli. Tumekutana mashineni, mimi namaliza kusaga lishe ya mtoto, yeye nyuma yangu, tukaongea mpaka zake zikaisha."

Lishe ya Zabibu ina mahindi, ulezi, karanga na ngano. Mimi ndiye niliyemfundisha kuichanganya, enzi zile bado hatujajua ugonjwa. Mimi nikienda mashineni naenda asubuhi inapofunguliwa, na kwanza napitisha muhogo kidogo wa kusafishia, unakwenda kwa kuku. Rutaihwa ananicheka kila siku. Wifi hajui hayo. Kwake anatwanga.

Nilitakiwa kusimama pale pale. Yuko jikoni, ni hatua chache. Nikabaki nimeshika kanzu ya watu. Nikawaza, Wilbert atajionea hiyo mikono ya dada yake. Nimewaza hivyo, naandika hivyo hivyo. Na atakayejikunja kitandani si Wilbert wala si dada yake.

Kesho nitasema.

Ijumaa, 20 Juni 2025

Sijasema.

Asubuhi nilianza, "Wifi, ule unga..." Wilbert akainua macho kutoka kwenye chai, yale macho ya siku ya sufuria. Nikamalizia, "...utatosha?" Utatosha wifi, na utabaki.

Walioka mchana kutwa. Agnetha akataka kuonja, nikampokonya mkononi. Nikasema ni za komunyo, hakuna kuonja mpaka Jumapili. Alilia kidogo. Wifi akamwambia, mama akishasema amesema. Akanitetea! Afadhali angenitukana.

Zimepangwa kwenye sinia, zimefunikwa kwa kitambaa changu cha kudarizi. Nimekaa chooni nikalia, huko ndiko hakuna anayeuliza.

Kesho wanakwenda kanisani wote watatu, mazoezi na kitubio. Mimi nimesema nina gauni la kupiga pasi. Kwenye gunia zimebaki ndizi kavu ambazo hazijapita mashineni.

Jumamosi, 21 Juni 2025

Walipofika barabarani tu, nikashika mchi. Sijatwanga hivyo tangu niolewe. Nikachekecha. Sufuria langu, si lake. Maji ya moto, gundi, jani, mkaa. Ganda la kwanza nililibandua nimefumba macho.

Halikupasuka.

Nilipooka nikachukua moja nikaigeuza juu chini, nikaitikisa. Hata chembe. Hakukuwa na mtu wa kumwonyesha.

Zangu nimeziweka kwenye sinia, chini ya kitambaa kile kile. Pembeni nilizibana kwa kidole gumba, haraka haraka, uma sikuukumbuka. Zake nimempelekea Zabibu, kwao wote wanakula ngano. Akashangaa, mbona nyingi hivi. Nikamwambia kula na wajukuu, usimshukuru mtu. Nikaosha kila kitu kwa majivu.

Waliporudi Wilbert aliniuliza kwa nini sikwenda kuungama. Nitakwenda.

Jumapili, 22 Juni 2025

Agnetha alipendeza. Alipokunywa divai alikunja uso, padre akatabasamu. Nililia kama wamama wote.

Nyumbani watu walijaa. Watoto wa darasa lake wakakaa mkekani, na yeye katikati na gauni lake jeupe, ameshika pai mkononi kama wenzake. Kama wenzake kabisa. Akauma, akatafuna, akapiga kelele, "Shangazi, hizi zimeshinda zile za Muleba!"

Nilikuwa nimeshika jagi la togwa. Nikaendelea kumimina, likafurika kwenye kikombe cha mtu.

Wilbert akasimama, akamsifu dada yake mbele ya wageni. Makofi. Na mimi nikapiga, nikizipigia pai zangu mwenyewe.

Wifi hakucheka. Alikuwa na moja mkononi, anapitisha kidole pembeni mwake, pale pasipo na mistari ya uma. Akanifuata jikoni. Akasema kwa Kihaya, taratibu, hizi sikupika mimi. Zangu umezitupa? Nikasema nimezigawa. Akauliza zilikukosea nini. Nikasema tutaongea wifi, wageni wakiondoka. Macho yakamjaa. "Kama hukutaka nije, ungeniambia. Kuficha mpaka chakula cha mtoto, Klaudia?"

Kisha akarudi uani, akakaa, akapokea sifa zote, akatabasamu. Hakunisema kwa mtu. Kitu kimoja tu mwezi huu nilichofanya bila wivu, na ndicho anachokiona wivu. Nami sikuweza kumjibu, maana jibu linaanzia Alhamisi.

Na sasa hili. Wilbert ametangaza Agnetha anakwenda Muleba na shangazi yake leo hii, mpaka shule zifunguliwe. Mtoto anaruka ruka. Gari la Joackim, la kukodi, liko nje, wanapakia. Nimeingia chumbani kumtafutia sweta, nimekaa kitandani naandika. Begi la wifi liko hapa mlangoni, wazi, na juu ya nguo uko mfuko wa unga uliobaki, amefunga shingo yake kwa kitambaa cheupe. Kesho siwezi kuwa huko kupokonya kitu mkononi.

Namsikia Agnetha dirishani, anauliza kama kesho watapika pai. Wifi anamwambia kesho asubuhi, unga tunao.

Nikiuficha, ataona umepotea, atasema wivu, na wiki ijayo, ameshaonja raha ya mashine, atasaga tena nyuma ya lishe ya mtu mwingine. Nikisema, atauliza nilijua lini. Mtoto wangu akiwa amesimama pale na gauni lake. Na Wilbert.

Nimeutoa begini. Uko mapajani mwangu, umenimwagikia kidogo kwenye kitenge. Honi inalia. Nyayo zinakuja koridoni, si za Wilbert, za Wilbert nazijua.

"Wifi, sweta umeliona?"